Mabwawa mawili, maji yale yale: kwa nini ngege wa huku wanakufa na wa kule wananenepa? Tuongee jeni na bakteria wa utumbo

#1 JaNyando

Habari zenu wafugaji wenzangu. Uzi huu ni mrefu, chukueni chai kwanza.

Mwaka jana mwezi wa nne nilinunua vifaranga 2,000 vya ngege, yaani tilapia. Elfu moja kutoka kituo kimoja, elfu moja kutoka kingine. Majina ya vituo sitayataja, sikuja hapa kumharibia mtu kazi. Niliviweka katika mabwawa mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu hapa kwangu Nyando, kila moja mita 300 za mraba, kipimo kile kile cha mabwawa tuliyochimbiwa na serikali miaka ya 2009 na 2010. Maji yanatoka mfereji mmoja. Chakula ni gunia moja. Mkono wa kuwalisha ni mmoja, wangu.

Mwezi wa saba bwawa la kwanza likaanza. Asubuhi wanne, kesho yake kumi na mmoja, keshokutwa tisa. Macho yametoka nje, wengine wanazunguka kama pia, wengine wana damu chini ya mapezi. Mpaka mwezi wa nane ukiisha nilikuwa nimezika samaki 460. Bwawa la pili, hatua tano tu kutoka hapo, lilipoteza 38. Na wavu nilitumia ule ule kwa mabwawa yote mawili kabla sijashtuka, kwa hiyo siwezi kusema ugonjwa haukufika kule. Ulifika. Samaki wa kule waliusimamisha.

Daktari wa mifugo alipokuja aliangalia maji, akachukua samaki wa kupeleka maabara, kisha akaniuliza swali ambalo miaka sita ya kufuga sijawahi kuulizwa: "Wazazi wa hawa samaki unawajua?"

Sikuwajua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku watoto wakilala, na nilichopata kimenitoa kwa ngege kikanipeleka kwa samaki ambaye hapa Kisumu hawezi kuishi hata wiki: trauti.

Kule Marekani, jimbo la West Virginia, mahali paitwapo Leetown, Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ina kituo cha utafiti wa samaki wa maji baridi. Adui wao mkubwa ni ugonjwa wa maji baridi, unaoletwa na bakteria aitwaye Flavobacterium psychrophilum. Huyu hapendi joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 hivi ndipo anapoamka, anakula ngozi ya mkia wa kifaranga mpaka mfupa unaonekana, bandama inavimba, na vifaranga wanakufa kwa maelfu.

Kuanzia mwaka 2005 watu wa Leetown walianza kazi ya subira. Walichukua vifaranga wa familia nyingi, kila familia ikiwa ya baba mmoja na mama mmoja, wakawadunga bakteria hao kwa sindano, wakakaa siku 21 wakihesabu maiti. Familia nyingine iliisha karibu yote. Nyingine ilipoteza wachache. Hapo hawakuwazalisha wale waliodungwa. Walirudi kwa ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuguswa na sindano, wakachagua wale wa familia zilizookoka, hao ndio wakawa wazazi wa kizazi kilichofuata. Wakarudia tena na tena. Leo wana koo tatu: wagumu, wadhaifu, na wa kulinganishia.

Walipopiga hesabu ya urithi walipata takriban 0.35. Maana yake, ukichukua tofauti zote za kuishi na kufa kati ya trauti wale, kiasi cha theluthi hivi inatokana na damu ya wazazi. Theluthi! Mimi miaka yote nimekuwa nikilaumu maji na chakula tu.

Kuna jambo moja dogo limenikaa kichwani. Waligundua kwamba familia zenye bandama kubwa kuliko kawaida kwa ukubwa wa mwili, kabla hata hazijaugua, ndizo zilizookoka zaidi. Bandama ni ghala la askari wa damu. Yaani samaki anazaliwa na ghala lake limeshajengwa, kubwa au dogo, wewe mfugaji hujamwaga hata punje moja ya chakula.

Halafu watafiti wakaenda mbele, wakafungua matumbo na matamvua ya trauti wagumu na wadhaifu kuhesabu bakteria wanaoishi humo. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na ndipo naomba wajuzi mnisaidie. Naamini ukinunua kifaranga unanunua urithi mara mbili: jeni za wazazi, na kijiji cha bakteria tumboni. Ule wa kwanza huwezi kuubadilisha tena. Ule wa pili unaweza kuuteketeza kwa wiki moja ya dawa.

Najua mabwawa mawili si utafiti. Lakini ni samaki 422 zaidi waliokufa upande mmoja, na kila mmoja nimemshika kwa mkono wangu.

#2 Mvuvi_wa_Kadimu

JaNyando pole sana kwa hasara. Lakini ndugu yangu, usitupeleke mbali na maji. Sisi wa vizimba tunajua. Novemba 2022 samaki walikufa ziwani upande wa Kisumu kwa wingi usioelezeka, watu wamechukua mikopo, wengine walikuwa wamebakiza wiki mbili kuvuna. Ilikuwa hewa. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu, basi. Pale ungekuwa na samaki wa jeni gani? Wote wangelala.

#3 JaNyando

Kaka wa Kadimu, hapo nakuunga mkono kabisa na nisingependa mtu asome uzi huu aache kupima hewa. Samaki asiyepumua hasaidiwi na babu yake.

Ila vifo vyenyewe vinatofautiana, na ni vizuri tufundishane. Hewa ikikatika samaki wanaonekana alfajiri wamepanda juu midomo wazi, wanakufa kwa pamoja usiku mmoja, na mara nyingi wakubwa ndio wanatangulia. Ugonjwa wa bakteria unakuja kwa mwendo wa pole: wanne, kumi na mmoja, tisa, sita, kumi na wanne. Unakula kama mchwa. Kwangu ilikuwa hii ya pili, na maabara ilithibitisha ni Streptococcus.

#4 Kiprono_Mto

Salamu kutoka Molo. Nimefurahi kuona trauti anatajwa, maana humu ndani kila siku ni ngege na mumi.

Nina trauti wachache, maji yangu yanatoka upande wa msitu wa Mau, asubuhi ni nyuzi 12, mchana 15. Samaki huyu maji yakipita 20 anakosa raha, yakikaribia 25 anakufa, kwa hiyo JaNyando ni kweli Kisumu haji. Hayo mambo ya mkia kuliwa nimeyaona kwa macho yangu msimu wa baridi wa mwezi wa saba. Sikupima maabara kwa hiyo sitasema ni huyo bakteria, lakini mfupa wa mkia ulikuwa nje kama mswaki.

Swali langu: mayai mimi huyaosha kwa maji ya ayodini kabla ya kuyaangua. Kwa nini bado naona hivyo?

#5 Daktari_Njoro

Kiprono, ayodini endelea nayo, inasaidia kwa walioko juu ya ganda. Shida ya huyu Flavobacterium ni kwamba amekutwa hata ndani ya yai. Mama mgonjwa anamkabidhi mtoto ugonjwa kabla mtoto hajapata macho, na ayodini haipenyi mpaka huko bila kuua yai lenyewe. Ndiyo maana Wamarekani waliamua kuhangaika na ukoo wa samaki badala ya kutegemea kuosha na kutibu peke yake. Dawa zilizoruhusiwa kwao kwa ugonjwa huu katika trauti ni mbili tu za kuchanganya na chakula, oksitetrasaikilini na florfenikoli, na kifaranga anayeumwa hali chakula. Utamtibu vipi kwa chakula asichokula?

JaNyando, umeeleza vizuri. Naongeza kidogo kuhusu jeni kabla hatujaingia tumboni.

Kinga dhidi ya ugonjwa wa maji baridi haitoki kwenye jeni moja. Zimepatikana sehemu kadhaa zenye nguvu, hasa kwenye kromosomu ya 3, ya 8 na ya 25 za trauti, na nyingine nyingi ndogo ndogo zinazochangia kila moja kijiko chake. Kwa hiyo kumchagua mzazi kwa kuangalia familia peke yake kunachukua muda, maana ndani ya familia moja kuna aliyepata vijiko vingi na aliyepata vichache, na kwa macho hujui. Mwaka 2017 wanasayansi wale wale wa Marekani, wakitumia trauti wa kampuni ya kibiashara ya kuzalisha mayai, walionyesha kwamba ukisoma alama za jeni katika kromosomu zote za samaki, usahihi wa kukisia mzazi bora unafika karibu mara mbili ya ule wa kutegemea kitabu cha ukoo.

Linganisheni na samoni wa Norwei. Yeye alikuwa na ugonjwa wa virusi wa kongosho, unaitwa IPN. Kule ilikutwa sehemu moja tu kwenye kromosomu ya 26 inayobeba karibu mzigo wote. Jeni yenyewe bado inabishaniwa, lakini maelezo ya watafiti wa kule ni kwamba inatengeneza protini iliyo juu ya ngozi ya seli, na kirusi hutumia protini hiyo kama kitasa cha mlango. Samaki aliyerithi kitasa cha aina nyingine, kirusi kinagonga hakifunguliwi. Wafugaji walianza kuchagua mayai yenye aina hiyo. Mwaka 2009 Norwei iliandikisha milipuko 223 ya IPN. Mwaka 2015 ilikuwa 30. Usafi na usimamizi ulisaidia pia, lakini anayesema jeni haikufanya kazi kubwa pale anajidanganya.

#6 Mwalimu_Luanda

Daktari asante. Naomba kuuliza kwa niaba ya wengi walionyamaza: hayo mambo ya alama za jeni si ndiyo kubadilisha samaki maabara? Wanunuzi wangu hapa Luanda wakisikia neno jeni wanasema sitaki.

#7 Daktari_Njoro

Hapana, Mwalimu. Hakuna kilichoingizwa wala kukatwa. Ni kazi ile ile aliyofanya nyanya yako alipochagua gunzi la mahindi lililokomaa vizuri akalitundika juu ya moshi wa jikoni kuwa mbegu. Yeye alisoma kwa macho, hawa wanasoma kwa mashine. Mahindi yanabaki mahindi.

Na mwambie mnunuzi wako hivi: ngege maarufu wa kufugwa anayeitwa GIFT, aliyeanza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988, alitokana na ngege wa mwituni waliochukuliwa Misri, Ghana, Senegali na hapa kwetu Kenya, wakachanganywa na waliokuwa wakifugwa Asia. Damu yetu imo. Na ni katika ukoo wa GIFT ndipo watafiti walipokuta, kwenye kromosomu ya 22, sehemu yenye nguvu kubwa dhidi ya kirusi cha TiLV kinachoua ngege. Kirusi hicho kilielezwa mara ya kwanza mwaka 2014 huko Israeli. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba alama zake zimepatikana kwa samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania. Maji ya ziwa hayana mpaka, kwa hiyo mada hii ya JaNyando si ya kupitisha muda.

#8 Nyar_Seme

Shikamooni wakubwa. Mimi nimesomea samaki na sasa nafanya kazi ya kuwazungukia wafugaji. Sehemu ya bakteria naipenda sana kwa hiyo nivumilieni.

Kifaranga akitoka kwenye yai utumbo wake uko karibu mtupu. Mdomo ukifunguka, wanaingia wa kwanza: walioko kwenye maji, walioko kwenye ganda la yai, walioko kwenye chakula cha kwanza. Waliowahi wanashika viti. Kwa ngege mambo ni matamu zaidi kwa sababu mama analea mayai mdomoni. Mayai yanazungukazunguka humo, yanaoshwa na ute na maji ya mdomo wa mama. Sisi kwenye vituo tunamfungua mdomo, tunayamwaga mayai, tunayaweka kwenye chupa za kuangulia zenye maji yanayopita. Tunapata vifaranga wengi na wa umri mmoja, sawa, lakini wageni wa kwanza wa utumbo wanakuwa wa chupa na mabomba yetu. Maji ya kituo yakiwa machafu, au ya bomba yenye klorini, ndivyo kijiji kitakavyokuwa.

Je, samaki mwenyewe ana sauti juu ya nani akae? Anayo. Mwaka 2006 kulifanyika jaribio lililonifanya niipende kazi hii. Walichukua bakteria wa tumbo la samaki mdogo anayeitwa zebrafish wakawapa panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, na wa panya wakawapa samaki. Aina walizopewa zilibaki, lakini uwiano wao ukabadilika kuelekea ule wa mwenyeji. Tumbo la panya liliwapanga wa samaki kipanya, na tumbo la samaki likawapanga wa panya kisamaki. Mwenyeji anachagua. Kwa hiyo JaNyando, urithi wako wa pili haujatengana na wa kwanza: jeni zinashika ufunguo wa nyumba, maji na chakula vinaleta wapangaji.

Sasa wapangaji hao wanafanya nini? Kwa ngege, kuna mmoja aitwaye Cetobacterium anayetengeneza vitamini B12. Ngege hahitaji kupewa vitamini hiyo kwenye chakula, anapikiwa ndani. Kwa trauti, na hii ndiyo inayohusu mada, watafiti walimtoa tumboni mwa trauti bakteria mmoja wa jamii ya Enterobacter, wakampa jina C6-6. Walipomlisha vifaranga kisha wakawapa ugonjwa wa maji baridi, vifo vilipungua. Wakauliza, anafanyaje? Mwaka 2015 wakatoa jibu: anatengeneza sumu ndogo ya protini, enterisidini, inayomzuia Flavobacterium. Walipomwondolea uwezo wa kuitengeneza, ulinzi ukatoweka. Yaani ndani ya trauti kulikuwa na mlinzi mwenye mshale wake, na mshale umepatikana.

Ila niwe mkweli kwenu. Upande wa jeni ushahidi ni mzito: vizazi vimehesabiwa, samaki wamekufa na kuishi mbele ya watu. Upande wa bakteria, tafiti nyingi zinasema tu "wagumu wana hawa kwa wingi, wadhaifu wana wale." Hiyo haikuambii nani alimtangulia mwenzake. Samaki anayeanza kuumwa anaacha kula, na asiyekula bakteria wake wanabadilika. C6-6 ni wa pekee kwa sababu walikwenda mpaka kwenye mshale wenyewe.

#9 Mvuvi_wa_Kadimu

Nyar Seme umenifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo haraka. Hiyo ya Novemba 2022 bado nashikilia, lakini nimeelewa tunazungumzia vifo viwili tofauti.

Sasa niambieni kuhusu dawa. Huku kwetu samaki watatu wakielea tu mtu anakimbia duka la dawa za mifugo, ananunua unga wa kuku, anachanganya kwenye chakula. Wengine wanafanya kila wanapoleta vifaranga wapya, eti kinga. Mimi mwenyewe nimefanya. Wauzaji ndio wanaotushauri.

#10 Nyar_Seme

Baba, hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Nchini Chile walichukua samoni wachanga wakawapa oksitetrasaikilini kwenye chakula, kisha wakaangalia utumbo. Kabla ya dawa kulikuwa na aina mbalimbali. Baada ya dawa karibu wote waliobaki ni jamii moja, Aeromonas, na hao walibeba jeni ya kuistahimili dawa hiyo hiyo. Tazameni vizuri: dawa iliondoa majirani wema, ikamwachia nyumba nzima yule ambaye ndugu zake ndio wanaotuletea vidonda kwenye ngege. Siku dawa ikihitajika kweli, haitamgusa.

Dawa ina siku yake, samaki wakiumwa na maabara ikisema ni bakteria gani. Kuwapa vifaranga wazima siku ya kuwasili ni kung'oa ua la boma siku ile ile unapohamia.

#11 Mama_Vifaranga

Nimesoma tangu jana nikanyamaza kwa sababu mimi ni wa upande unaoshtakiwa. Nauza vifaranga, na mayai nayatoa mdomoni mwa mama zao kama Nyar Seme alivyosema, sina njia nyingine ya kutimiza oda.

JaNyando mwanangu, umesema wazazi hujui. Wengi wetu pia hatujui. Tulipewa mbegu miaka ile, tukazalisha, watoto wakawa wazazi, na watoto wao wakawa wazazi. Nina majike 50 na madume matano. Madume ni matano kwa sababu kila mtu aliniambia dume mmoja anatosha majike kumi, na dume anakula tu. Je, hapo nimekosea? Naomba mnijibu bila kunificha.

#12 JaNyando

Mama, asante kwa kuandika. Hakuna anayekushtaki, na kama wauzaji wote wangeuliza hivi nisingezika samaki 460.

Nimeikalia hesabu hii jana usiku na nilimuuliza Daktari aikague. Iko hivi. Kila kifaranga kinachukua nusu ya damu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo hata ukiwa na majike 50, nusu yote ya damu ya kituo chako inapita kwenye madume matano. Hao ndio shingo ya chupa. Kuna njia ya kupima upana wa shingo: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa nne, gawanya kwa jumla ya wote. Kwako ni 5 mara 50 mara 4, inakuwa 1,000, gawanya kwa 55. Unapata 18. Samaki 55 wako kwenye dimbwi, lakini kwa urithi ni kama una 18 tu, na kila kizazi damu inakaribiana kwa asilimia 2.75. Ngege anazaa akiwa na miezi sita, wakati mwingine chini ya hapo. Piga miaka kumi.

Sasa chukua samaki 50, wachache kuliko ulio nao, lakini 25 madume na 25 majike. Hesabu inakuja 50 kamili, na kukaribiana kunashuka kuwa asilimia 1 kwa kizazi. Chakula kile kile. Samaki wachache zaidi. Hii ilinishangaza mpaka nikairudia mara tatu.

Na kukaribiana kwa damu kunahusiana vipi na ugonjwa? Kumbukeni vijiko vya Daktari. Kinga nyingi ni vijiko vidogo kutoka jeni nyingi. Ukizalisha ndugu kwa ndugu, vijiko vingine vinapotea kwenye kituo kizima na havirudi, hata ukija siku moja na mashine ya kusoma jeni hutakuwa na cha kuchagua. Wale wa Leetown walifanikiwa kwa sababu walianza na familia nyingi zenye tofauti kati yao.

#13 Kiprono_Mto

Nimepiga ya kwangu. Madume matatu, majike 20. Imekuja 10. Nimekaa kimya kidogo hapa.

#14 Mwalimu_Luanda

Na zile chupa za bakteria wazuri zinazouzwa madukani? Kuna kijana amepita hapa na lita moja anasema mwaga bwawani samaki hawaugui tena.

#15 Daktari_Njoro

Mwalimu, mambo matatu unayoweza kumuuliza kijana huyo. Ni bakteria gani, jina kamili? Wako hai wangapi, na mpaka tarehe gani? Wamejaribiwa kwa samaki gani? Akishindwa moja, mshukuru umuage.

Bakteria wa kulisha wapo wa kweli. Ulaya, kwa mfano, mmoja aitwaye Pediococcus acidilactici aliruhusiwa kwenye chakula cha samoni na trauti. Lakini ni viumbe hai. Chupa iliyokaa kwenye jua la Luanda wiki mbili ni maji ya maiti. Tena wengi hawaweki makao. Ukiacha kuwalisha, baada ya muda wanatoka na kinyesi, na utumbo unarudi ulivyokuwa. Na aliyemlinda trauti kwenye nyuzi 12 hana sababu ya kumfaa ngege kwenye nyuzi 27. Adui ni mwingine, chakula ni kingine, nyumba ni nyingine.

Kabla ya kununua chupa, fanyeni vya bure: punguzeni msongamano, toeni matope yenye chakula kilichooza, msibadilishe chakula ghafla kutoka aina moja kwenda nyingine. Kijiji cha tumboni kinatikiswa sana na chakula.

#16 Mama_Vifaranga

Nimerudi. Leo asubuhi nimewatoa madume wote nikawaweka kwenye beseni, mmoja mmoja. Kumbe ni sita, mmoja alijificha kwenye majani. Wanne kati yao natambua kwa hakika ni wa mayai ya jike mmoja, mwaka juzi, kwa sababu ndilo jike pekee nililobaki nalo baada ya mafuriko. Kwa hiyo hata hiyo 18 sina.

JaNyando, lile bwawa lako la pili lililokufa 38. Bado wapo? Nahitaji madume.

#17 JaNyando

Wapo mama. Nilivuna lakini nilibakiza karibu sabini, wenye mwili mzuri, sijui kwa nini nilisita kuwauza. Nitakuchagulia madume kumi na tano.

Jambo moja tu: waliokoka haina maana hawana mdudu. Anaweza kuwa amebeba Streptococcus ndani bila kuumwa akawaletea wako. Nyar Seme ameniambia tuwaweke dimbwi la peke yao mwezi mzima, wavu wao, ndoo yao, na tuweke na vifaranga wako wachache wa kujaribia kabla hawajaonana na majike. Dimbwi la hivyo unalo?

#18 Mama_Vifaranga

Lipo la saruji, nilikuwa naweka mbao. Naliosha leo na kulikausha juani. Dawa yoyote sitaweka.

#19 Kiprono_Mto

Na anayejua mwenye trauti wa maji tofauti na yangu, upande wa Mlima Elgon au Nyeri, naomba aniandikie. Natafuta mayai ya mbegu nyingine, na nitatoa yangu kwa kubadilishana. Nitaandika tarehe na chanzo kwa kila familia kuanzia msimu huu.

#20 JaNyando

Mama, Jumamosi alfajiri kabla jua halijawa kali nitakuja na mapipa mawili na pampu ya hewa. Ijumaa sitawalisha ili wasichafue maji njiani. Nitakuja pia na daftari, tuandike kila dume ametoka wapi.